Sundarbans: Msitu wa mikoko ambao simbamarara huvuka mpaka bila pasi

DESEMBA 2020, maofisa misitu wa jimbo la West Bengal nchini India walimfunga simbamarara dume kola ya setilaiti shingoni, kisha wakamwachia arudi kwenye mikoko. Walitaka kujua mnyama huyo hutembea kiasi gani na kama ana tabia ya kusogelea vijiji. Katika miezi minne iliyofuata alikwenda takriban kilomita 100. Aliogelea mito ambayo mingine ina upana unaozidi kilomita moja, akavuka mpaka wa kimataifa na kuingia Bangladesh. Hakuingia kijiji hata kimoja.

Wala hakupita kwenye kituo cha forodha. Msitu aliokuwa akitembea ndani yake unaitwa Sundarbans, na ndio msitu mkubwa kuliko yote duniani wa mikoko iliyoshikana pamoja. Umegawanywa kati ya nchi mbili, lakini mito yake, samaki wake na wanyama wake havijui mstari huo uko wapi.

Kwa binadamu mambo ni tofauti. Mtalii anayepanda boti upande wa India kwenda kutazama wanyama atafika karibu na mpaka, kisha nahodha atageuza. Akitaka kuona upande wa pili, itabidi atoke msituni, atafute viza, avuke kwa njia ya kawaida na kukodi boti nyingine Bangladesh. Mfanyabiashara mwenye shehena, kinyume chake, anapita. Tishari lililojaa majivu ya makaa ya mawe hugongewa mihuri upande mmoja, hukaguliwa upande wa pili na kuendelea na safari katika maji yale yale.

Kwa hiyo mto mmoja una wasafiri wa aina tatu: mnyama asiyehitaji karatasi, mgeni ambaye karatasi zake zinaishia mtoni, na mzigo ambao karatasi zake zinavuka. Namna watatu hawa wanavyogawana njia hiyo ni habari inayowahusu wafanyabiashara wa mipakani popote walipo, hasa wale ambao bidhaa zao husafiri majini.

Miti yenye majina ya nyumbani

Sundarbans ipo kwenye delta ya mito Ganges, Brahmaputra na Meghna, pale maji matamu yanapokutana na Ghuba ya Bengal. Eneo lake, pamoja na mito na hori zake, ni karibu kilomita za mraba 10,000, zaidi ya theluthi moja ya eneo la Rwanda. Sehemu kubwa, takriban kilomita za mraba 6,000, iko Bangladesh. Iliyobaki iko India.

Serikali ya kikoloni ya Uingereza iliutangaza kuwa msitu wa hifadhi katika miaka ya 1870. Wakati huo haukuwa na mpaka ndani yake. Mpaka ulikuja mwaka 1947, Bara Hindi ilipogawanywa, na msitu ukakatwa vipande viwili. UNESCO iliuweka upande wa India kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1987, na upande wa Bangladesh ukafuata mwaka 1997, kila nchi kwa jina lake.

Mtu wa Lamu, Pemba au Rufiji akiingia humo kwa boti hatajiona mgeni sana. Mti uliozaa jina la msitu, sundari, ni ndugu wa msikundazi wa pwani ya Afrika Mashariki. Mti mwingine maarufu, keora, ni ndugu wa mlilana. Mkoko, mchu na mkomafi wana jamaa zao pia. Mizizi ya kupumulia imechomoza kwenye tope kama vigingi, na maji yanapokupwa harufu ni ile ile inayojulikana Mtwapa au Kilwa.

Kwa msomaji wa Kigali au Bukavu ambaye hajawahi kuona mikoko, hii ni miti inayoota kwenye matope ya maji ya chumvi, ambako miti mingine hufa. Mizizi yake hushika udongo usichukuliwe na mawimbi, na katikati ya mizizi hiyo samaki na kamba hukulia wakiwa wadogo. Dhoruba inapokuja kutoka baharini, mikoko hupunguza nguvu ya maji kabla hayajafika vijijini. Sundarbans imefanya kazi hiyo mara nyingi, ikiwemo Novemba 2007 kilipopiga kimbunga Sidr na Mei 2020 kilipopiga Amphan.

Saa ya safari ni maji

Upande wa India, safari nyingi huanzia Godkhali, mwendo wa takriban kilomita 100 kwa barabara kutoka Kolkata. Barabara inaishia hapo. Boti za mbao zenye sitaha ya juu huchukua wageni hadi Sajnekhali, ambako idara ya misitu hutoa vibali. Kila boti lazima iwe na mwongozaji aliyesajiliwa. Wageni hawaruhusiwi kushuka popote isipokuwa kwenye vituo vyenye minara ya kutazamia, kama Sudhanyakhali na Dobanki, na vituo hivyo vimezungushiwa uzio. Hapa wageni ndio huwekwa ndani ya uzio, na simbamarara hubaki nje.

Upande wa Bangladesh, lango ni mji wa Khulna na bandari ya Mongla. Mwenye siku moja tu huishia Karamjal, karibu na Mongla, ambako kuna kituo cha kuzalisha mamba na kasa adimu wa mtoni. Mwenye siku tatu hulala botini na kwenda hadi Kotka na Kochikhali, karibu na bahari. Askari wa misitu mwenye bunduki hupanda na wageni. Alfajiri injini kubwa huachwa, wageni hushuka kwenye boti ndogo ya makasia na kuingia kwenye hori nyembamba bila kelele.

Ratiba ya yote haya hupangwa na maji. Yanapojaa, boti huweza kuingia hori ambazo saa sita baadaye zitakuwa tope tupu. Yanapokupwa, kingo hubaki wazi na wanyama hujitokeza. Mamba hupanda kwenye tope kuota jua. Kaa wekundu wenye gando moja kubwa hutoka mashimoni kwa maelfu. Samaki wadogo wanaoweza kukaa nje ya maji hurukaruka juu ya tope. Ndege hushuka kula, wakiwemo yangeyange, korongo na mdiria wa aina nyingi, wengine wa bluu na wengine wenye kifua cha rangi ya kahawia.

Msimu mzuri ni kuanzia Novemba hadi Februari, wakati mvua zimekwisha na jua si kali. Kasoro yake ni ukungu wa asubuhi, ambao wakati mwingine hufunga mto mzima. Bangladesh huufunga msitu wake kwa miezi mitatu, kuanzia Juni Mosi hadi Agosti 31, ili samaki na wanyama wazaliane. Katika kipindi hicho mtalii haingii, na mvuvi pia haingii.

Kumwona simbamarara ni bahati

Hesabu iliyotangazwa na Bangladesh mwaka 2024 ilionyesha simbamarara 125 upande wake, kutoka 114 mwaka 2018. Upande wa India hesabu ya mwaka 2022 ilikuwa takriban 100. Wote kwa pamoja ni kama 225 ndani ya msitu mzito unaopitika kwa shida. Wageni wengi hurudi nyumbani wameona nyayo tu kwenye tope laini, na waongozaji waaminifu huwaambia hivyo kabla ya kupokea malipo.

Lakini kuna mengi mengine. Swala wenye madoa ni wengi, na njia rahisi ya kuwapata ni kuwatafuta kima kwanza. Kima wakiwa juu ya mti wa keora hula majani na matunda, na mengi huwaponyoka yakaanguka chini. Swala hukusanyika chini ya mti kuyaokota. Kima akipiga kelele ya hatari, swala hukimbia. Kuna pia nguruwe mwitu, fisi maji, kenge, chatu na paka mvuvi, ambaye huingia majini kukamata samaki na huonekana mara chache sana.

Majini kuna pomboo wa aina mbili. Mmoja ni wa Irawadi, mwenye kichwa cha duara, anayependa sehemu zilizo karibu na bahari. Mwingine ni pomboo wa Ganges, mwenye mdomo mrefu, anayekaa kwenye maji matamu zaidi. Huyu wa pili ana macho yasiyoona karibu chochote. Katika maji yenye tope kama chai ya maziwa, macho yasingemsaidia. Hutoa sauti na kusikiliza mwangwi wake ili ajue samaki yuko wapi na kizuizi kiko wapi. Akitoka juu kuvuta pumzi huonekana kwa sekunde moja au mbili, kisha anazama.

Pomboo hawa hupenda mahali mito miwili inapokutana na pale palipo na kina kirefu, kwa sababu samaki hujikusanya hapo. Tatizo ni kwamba mvuvi naye hutega wavu hapo hapo, na nahodha wa chombo cha mizigo hutafuta kina kile kile ili asikwame. Januari 2012 Bangladesh ilitenga maeneo matatu ya hifadhi ya pomboo ndani ya Sundarbans: Chandpai, Dhangmari na Dudhmukhi. Yote yako kwenye mito inayotumiwa na vyombo.

Waliotangulia kuingia kwa boti

Kabla ya watalii, boti za Sundarbans zilikuwa za watu wanaotafuta riziki, na bado zipo. Kuna wavuvi na wakamata kaa. Kuna wakata golpata, mmea wa jamii ya minazi ambao majani yake huezekea nyumba kama makuti. Kuna wakusanya asali, ambao msimu wao huanza Aprili. Katika kisiwa cha Dublar, karibu na bahari, maelfu ya wavuvi hupiga kambi wakati wa kipupwe kukausha samaki kwenye vichanja, na samaki hao husambazwa masokoni kote Bangladesh.

Kabla ya kuingia msituni, wengi wao humwomba Bonbibi, mama wa msitu. Kwa simulizi yao, Bonbibi ni binti wa mtu mcha Mungu wa Makka, aliyetumwa kuwalinda wanyonge dhidi ya Dokkhin Rai, jini linalojigeuza simbamarara. Waislamu na Wahindu humheshimu kwa pamoja, na simulizi hiyo inajulikana pande zote mbili za mpaka. Sharti lake ni moja: anayeingia aingie na moyo safi, achukue anachohitaji na kutoka.

Hatari wanayoiomba kinga ni ya kweli. Simbamarara wa Sundarbans huua watu, hasa wakusanya asali na wakamata kaa. Katika vijiji vya pande zote mbili kuna wanawake wanaoitwa wajane wa simbamarara. Wengine hutengwa na jirani zao kwa kudhaniwa kuwa na mkosi. Mume akiwa aliingia bila kibali, familia hupata shida kudai fidia, hivyo wapo wanaonyamaza kabisa.

Ndiyo maana boti ya mtalii ina uzito wake kijijini. Kijana anayeendesha boti, kupika sitahani au kuongoza wageni hana sababu ya kwenda kutafuta kaa kwenye hori alimouawa baba yake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa familia hizi maneno hayo yana maana ya moja kwa moja. Lakini riziki hiyo inadumu tu iwapo wanyama wapo na mto ni safi.

Barabara ya mizigo ndani ya msitu

Mwaka 1972, muda mfupi baada ya Bangladesh kupata uhuru, nchi hizo mbili zilitia saini itifaki ya usafiri na biashara katika njia za maji za ndani. Itifaki hiyo inaruhusu vyombo vya nchi moja kupita kwenye mito ya nyingine kwa njia zilizotajwa. Mojawapo hutoka Kolkata na Haldia, hukatiza Sundarbans na kuingia Bangladesh kuelekea Mongla, Khulna na Narayanganj. Ukaguzi wa forodha upande wa India hufanyika Hemnagar. Upande wa Bangladesh hufanyika Angtihara, kituo kilichoko ukingoni mwa msitu wenyewe.

Mzigo mkubwa kuliko yote kwenye njia hiyo ni majivu yanayobaki kwenye mitambo ya umeme ya India baada ya makaa ya mawe kuungua. Kwa mitambo hiyo ni taka. Kwa viwanda vya saruji vya Bangladesh ni malighafi. Vyombo vingi vinavyoyabeba ni vya Bangladesh, na mabaharia wake huvuka mpaka mara nyingi kwa mwaka. Ni biashara ambayo mtu wa Namanga au Rusumo angeielewa bila kufafanuliwa: kisichotakiwa upande mmoja kina bei upande wa pili, na faida iko kwenye nauli.

Utalii ulichelewa sana kupewa njia hiyo. Machi 2019 meli ya abiria ya Bangladesh, MV Madhumati, ilisafiri kutoka Dhaka hadi Kolkata, safari ambayo haikuwa imefanyika kwa miaka 70 hivi. Januari 2023 meli ya kifahari ya India, MV Ganga Vilas, iliondoka Varanasi na watalii 32 wa Uswisi kwa safari iliyopangwa kuchukua siku 51 na kupita takriban kilomita 3,200, ikivuka Sundarbans na Bangladesh hadi Dibrugarh katika jimbo la Assam. Ilionyesha kuwa abiria naye anaweza kuvuka mpaka ndani ya msitu iwapo serikali mbili zitakubaliana. Hata hivyo tiketi yake haikuwa ya mtu wa kawaida, na boti ndogo za Godkhali na Mongla ziliendelea kugeuza pale pale zilipokuwa zikigeuza.

Mafuta kwenye mto Shela

Desemba 9, 2014, alfajiri yenye ukungu, meli ya mafuta ya Bangladesh iitwayo Southern Star 7 ilikuwa imetia nanga kwenye mto Shela, ndani ya hifadhi ya pomboo ya Chandpai. Chombo kingine cha mizigo kiliigonga. Takriban lita 350,000 za mafuta mazito ya mitambo zilimwagika, na maji yaliyokuwa yakijaa na kupwa yakayasambaza kwenye hori na mizizi ya mikoko.

Meli hiyo haikupaswa kuhitaji njia ile. Njia ya kawaida ya vyombo vya mizigo ilikuwa mfereji wa Mongla–Ghasiakhali, ulioko nje ya msitu. Lakini mifereji midogo iliyokuwa ikiulisha maji ilizibwa na wafugaji wa kamba waliotaka mabwawa. Maji yalipopoteza kasi, tope likatulia na mfereji ukajaa. Kuanzia mwaka 2011 vyombo vilianza kupitishwa Shela, katikati ya hifadhi. Faida ya wachache kwenye mabwawa iliwasukuma wengine wote kwenye njia ya hatari.

Vifaa vya kusafisha mafuta havikuwepo karibu. Kampuni ya mafuta ya serikali ilitangaza kuwa ingenunua mafuta yatakayookotwa, kwa kuanzia taka 30 za Bangladesh kwa lita. Wanakijiji, wakiwemo watoto, waliingia majini na sufuria, vitambaa na sponji, wakayachota kwa mikono mitupu. Walifanikiwa kuokoa sehemu ndogo tu. Maji yakimwagika hayazoleki, na mafuta ni zaidi.

Wataalamu waliotumwa na Umoja wa Mataifa walikuta madhara ya haraka kwa mikoko na wanyama yamekuwa madogo kuliko ilivyohofiwa, kwa sehemu kutokana na mwenendo wa maji siku zile. Lakini walionya kuhusu vyombo vya mafuta kupita Shela. Mto ulifungwa kwa muda, vyombo vya mizigo vikakwama Mongla vikisubiri, kisha Januari 2015 ukafunguliwa tena. Machi 2016 chombo kingine kilizama kwenye mto huo huo kikiwa na zaidi ya tani 1,200 za makaa ya mawe. Ndipo Shela ikafungwa kabisa kwa vyombo vya mizigo, na mfereji wa Mongla–Ghasiakhali, uliokuwa umechimbwa upya, ukarudi kuwa njia.

Kwa wenye mizigo, hesabu yake ni rahisi kuisoma. Chombo kimoja kilichotia nanga mahali pabaya kiliwafungia njia wote, hata waliokuwa na taa, rada na nahodha makini. Waliosubiri walilipa mishahara ya mabaharia na gharama za kukaa bila kazi. Wavuvi walipoteza siku za kuvua. Boti za watalii zilikuwa katikati ya msimu wake bora wa mwaka.

Hatari haijaisha. Upande wa India matishari ya majivu yamezama mara kadhaa karibu na msitu. Upande wa Bangladesh, mtambo wa umeme wa Rampal wenye uwezo wa megawati 1,320, ambao ni ubia wa nchi hizo mbili, uko takriban kilomita 14 kutoka ukingo wa Sundarbans, na makaa yake hufika kwa mto Pashur. Pashur nao una pomboo.

Biashara mbele, msitu nyuma

Ukiziweka tarehe kwenye mstari mmoja, jambo moja linaonekana wazi. Biashara ilipata makubaliano yake mwaka 1972. Hifadhi ya pomboo Bangladesh ilikuja 2012. Makubaliano ya nchi mbili kuhusu kuitunza Sundarbans kama msitu mmoja yalitiwa saini Septemba 2011, miaka 39 baada ya itifaki ya mizigo. Njia ya hatari ilifungwa kabisa mwaka 2016, baada ya ajali ya pili.

Kuna kisa kingine kinachoonyesha gharama ya kugombania mstari na kusahau maji. Baada ya kimbunga kikubwa cha mwaka 1970, kisiwa kidogo cha mchanga kilijitokeza mdomoni mwa mto wa mpakani. India ilikiita New Moore, Bangladesh ikakiita South Talpatti, na kila mmoja akasema ni chake. Ubishi ulidumu kwa miongo. Mwaka 2010 wanasayansi wa Kolkata walitangaza kuwa kisiwa hakipo tena, bahari imekimeza. Mahakama ya usuluhishi ilipotoa uamuzi wake kuhusu mpaka wa baharini mwaka 2014, hapakuwa na ardhi ya kugawana pale.

Mikoko yenye mpaka wa karibu

Afrika Mashariki nayo ina mikoko iliyokatwa na mpaka. Mto Umba huanzia milima ya Usambara nchini Tanzania na kumwaga maji yake karibu na Vanga nchini Kenya. Upande wa pili kuna mikoko ya Mkinga. Watu wa huko wana lugha moja na ndugu pande zote mbili, kama walivyo Wabengali wa Sundarbans, na bidhaa zao hupita Lunga Lunga na Horohoro au kwa boti. Vanga, Jimbo na Kiwegu wana mradi wa pamoja wa kulinda takriban hekta 460 za mikoko na kuuza hewa ya ukaa, wakifuata mfano wa Gazi ulioanza mwaka 2013. Huko Gazi kina mama wana njia ya mbao inayoingia kwenye mikoko, na mgeni hulipa kuipita.

Serikali za Kenya na Tanzania zimekuwa na mpango wa eneo la pamoja la hifadhi ya bahari kutoka Diani-Chale hadi Mkinga. Mpango huo unafanana na makubaliano ya mwaka 2011 ya India na Bangladesh, na faida yake ni kwamba unaweza kukamilishwa kabla ya njia ya mizigo kujaa vyombo vikubwa. Siku hizi boti za mpakani hapo bado ni ndogo.

Mfanyabiashara wa Kigoma, Uvira au Kisumu hana mikoko, ila ana maji ya kugawana na nchi jirani, na anajua jinsi bandari moja ikifungwa bei zinavyopanda sokoni. Kwa kawaida vikao vya usalama wa majini huhudhuriwa na maofisa wa serikali na watu wa mazingira, huku wenye mizigo wakiitwa baadaye kupokea agizo. Shela inaonyesha kwamba wenye mizigo walikuwa na sababu zote za kuwa chumbani mapema: kudai mahali maalumu pa kutia nanga wakati wa ukungu, vifaa vya kuzuia mafuta kwenye bandari ya karibu, bima inayolipa pande zote mbili za mpaka, na mtu mmoja wa kupigiwa simu ajali inapotokea bila kuuliza kwanza imetokea nchi gani.

Mambo hayo yana gharama, na gharama hiyo huingia kwenye nauli. Wenye vyombo vilivyokwama Mongla Desemba 2014 waliilipa hata hivyo, bila kupata vifaa wala bima.